Imeaga

Mara ya kwanza ilizimika mstari wa arubaini na moja.
Kontena la matairi, uzito bado,
na dirisha zima likatoweka
kama mdeni aliyemwona mwenye duka.

Bi Khuleita hakunipigia simu.
Alidhani ni kidole chake.
Miaka kumi na tisa ofisi ya forodha, Shimanzi, ghorofa ya pili:
amezoea mashine kumwekea lawama.
Akaanza upya. Mstari wa kwanza.

Aliyepiga ni Vaghela, tajiri wake, kwa sauti ya juu.
Nami hapa Tudor, feni ikipuliza joto lile lile,
nikasuka wavu chini ya programu nzima:
kosa lolote lisilodakwa juu, lidakwe huku,
limezwe,
kazi isonge.
Isife mbele za watu. Basi.
Nikalala usingizi wa fundi hodari.

Wiki mbili kimya.
Wiki ya tatu, kontena la saruji likasafiri hadi Malaba
likiwa na uzito wa sufuri.
Saruji, jamani.
Vaghela akalipa faini, akanionyesha risiti bila neno.

Mficha maradhi, wamesema wenyewe,
na mimi niliyaficha kwa ustadi, kwa mistari sita.

Ndipo Bi Khuleita akavuta droo
akatoa daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Tarehe. Saa. Alichogusa.
"Hifadhi, mara mbili, nilipopiga chafya."
"Jina lenye ng' — ikazima."
"Umeme uliyumba, ikarudi, ikazima."
Kurasa kumi na moja, kalamu ya buluu,
na pembeni, kwa herufi ndogo: *sijui nimekosa wapi.*

Nililiazima. Nikalisoma usiku kucha.

Wavu ungalipo, ila sasa una kinywa.
Kosa likiuangukia, kwanza huandika:
tarehe, saa, kilichoguswa, kama alivyonifunza.
Kisha huokoa mistari inayookoka.
Kisha husema, kwa Kiswahili cha mtu na mtu:
*Samahani. Kosa ni letu, si lako.
Kazi yako imehifadhiwa hadi mstari wa arubaini.
Tunafunga sasa.*
Na hufunga. Haijitii uzima.

Jumanne nilipita kumrudishia daftari lake.
Alikuwa na jipya, limefunguliwa mezani,
mstari mmoja tu, wino haujakauka:

Saa nne na robo. Imeaga.