Mpaka Rangi

Kijana amekuja na kopo, na brashi yenye nywele zilizokakamaa.
Hakubisha hodi. Amechora X kwenye ukuta wa jiko langu,
nyekundu, hadi sasa inachuruzika,
akaipiga picha kwa simu, akaandika namba daftarini.
Nikamuuliza: mwanangu, kazi yako hasa ni nini?
Akasema: mpaka rangi, mama. Basi.

Mpaka rangi.
Nikacheka peke yangu hadi chai ikafurika motoni.

Maana marehemu baba, Mwinshehe Kibwana wa Mtaa wa Sikukuu,
alikuwa mshika mnyororo wa Idara ya Upimaji.
Si mpimaji. Mpimaji ni Bwana Hollis, mwenye darubini na kofia.
Baba ni yule wa ncha ya mwisho,
akiambiwa vuta, anavuta; akiambiwa simama, anasimama,
hata kama ni juu ya siafu.
Bibi hakutaka mnyororo ule ulale ndani ya nyumba.
Alisema jina lake analijua.

Wakaupima mji kama fundi akatavyo kitambaa asichokivaa.
Huku mawe, bustani, upepo wa bahari: Uzunguni.
Hapa duka chini, vyumba juu: Uhindini.
Kule udongo na makuti, na debe lililokunjuliwa likawa bati:
kwetu.
Na katikati Mnazi Mmoja, uwanja mtupu,
ulioachwa wazi ili mbu wa homa zetu achoke njiani.
Ndivyo walivyoeleza. Mbu hakusoma ramani.
Walioisoma ni watu:
dobi aliyevuka na shuka za kitanda asichoruhusiwa kukikalia,
yaya aliyeimbiwa na kila mtoto isipokuwa wake,
na baba, saa nne usiku, hana taa, hana cheti,
aliyelala rumande kwa kosa la kuvuka mstari
alioushika mwenyewe asubuhi.

Uhuru ulipokuja alikwenda pale pale uwanjani.
Hakupiga vigelegele, hakuwa mtu wa kelele.
Alitafuta jiwe la bikoni, akalikalia,
akala muwa mzima, akatema makapi pande zote mbili.

Nilidhani yameisha, baba.
Lakini mstari haufi, hulala tu, kama nyoka aliyeshiba.
Siku hizi rangi hawaitaji. Wanasema hadhi, wanasema hati.
Masaki ukuta umeota vigae vya chupa na waya unaonguruma,
na mlinzi, kijana wa Mbagala, jirani wa dada yangu,
ananiandika kitabuni: jina, saa, unakwenda kwa nani,
kisha, kwa aibu, ananionyesha mlango wa pili.

Kiwanja hiki cha Kimara nilikinunua kwa miguu:
hatua thelathini kwa ishirini,
balozi wa nyumba kumi shahidi, karatasi ya daftari la shule.
Uzio wetu ni minyaa. Mama Tumsifu alipanda upande wake,
mimi wangu, tukaachia tundu la kupitishia chumvi.
Miaka thelathini na mitano hakuna aliyeuliza bikoni.
Leo barabara imenenepa, huko kwenye makaratasi yao,
na mimi naambiwa nimevamia.

Sikuvamia. Nilikuwa nachambua maharage,
mpaka ndio ulionivamia.

Mpaka lini? nilimuuliza yule kijana.
Akatazama viatu vyake vilivyodondokewa rangi.
Mpaka Jumatatu, mama. Tingatinga linakuja Jumatatu.

Jioni hii mjukuu wangu Mwanahija, kipande cha mkaa mkononi,
ameizungushia ile X mistari minne ikawa tiara,
kisha akauvuta mkia wake, mrefu, umepinda,
ukapita mlango, ukapita karo,
ukatokea tunduni kwenye minyaa
na kupanda ukuta wa Mama Tumsifu.
Jirani ametoka, ameuona. Hajafuta.
Ameniletea chumvi ambayo sikuomba.

Mpaka Jumatatu, hapa ni kwetu.