Kikombe cha Saba

Ambilikile alivichomelea Mwanjelwa,
vikombe vinane juu ya ekseli ya Bedifodi iliyokufa Kitonga.
Mwaka wa kwanza tulivisukuma kwa mikono;
wa pili ikaja injini ya mashine ya kusaga,
kila mzunguko ukinuka pumba na dizeli.

Reli ilipanda, ikashuka, kikombe nacho kikizunguka kivyake:
Loleza kushoto, Loleza kulia,
Loleza chini ya miguu.
Subilaga alitapika viazi vya Uyole,
bado akadai chenji.

Kisha boliti ya kikombe cha saba ikakatika.
Hakufa mtu. Halmashauri ikafunga kwa mnyororo.

Leo kikombe kiko uani kwetu,
kuku anaatamia humo.
Upepo wa Julai ukivuma
kinageuka kidogo,
naye hashuki.