Unatoka Wapi

Barabara ya Morse, Columbus, saa saba na robo usiku.
Koni za rangi ya chungwa, taa za bluu
zikipiga ukuta wa duka la matairi,
na magari yanajongea moja moja
kama watu wanaokwenda kutoa mkono wa tanzia.

Dereva ni mimi. Sijanywa, sinywi,
lakini gari linanuka bia,
kwa kuwa shemeji yangu Kiondo amekaa pembeni,
tai mfukoni, harusi nzima ikimtoka puani,
akiuliza kama hawa nao wanauza maji.

Nyamaza, Kiondo.

Nashusha kioo vidole vitatu.
Mikono juu ya usukani, vidole kumi vionekane.
Leseni, usajili, bima: nilivitoa mapema, viko pajani,
nisije nikachomoa kitu gizani
mtu akadhani nachomoa kingine.

Jumamosi ile, chini ya kanisa la Walutheri,
wakili Nakijwa Msangi alitusomesha kwa chaki:
Karatasi utampa. Jina utampa.
Mengine ni yako.
Si lazima useme ulikotoka wala unakokwenda,
si lazima umchezee ngoma ya mstari kando ya barabara.
Usimguse. Usimdanganye. Usikimbie.
Uliza kwa upole: niko huru kwenda?
Mama mmoja wa nyuma, mtoto mgongoni, akasema,
"Na kile cha kupuliza?"
Wakili akakuna kichwa.
Kupuliza kuna bei, akasema, na kukataa kuna bei;
kila jimbo na mizani yake,
ulizeni mchana, msiulize usiku.
Nikaandika yote kwenye bahasha ya bili ya gesi.

Sasa askari ameinama. Kijana, masharubu machanga,
baridi imemning'iniza tone puani.
"Habari za usiku, mama. Unatoka wapi?"

Hapa ndipo wakili hakunifundisha.
Maana kwetu Tanga, Ngamiani, hilo ni salamu.
Unatoka wapi, umeshindaje, watoto hawajambo?
Asiyejibu amekosa adabu,
au amefiwa.
Mimi nimelelewa kwa kofi dogo la kisogoni
kila nilipompita mtu bila kumwamkia.
Ulimi wangu umesimama mlangoni, viatu umeshavaa,
unataka kutoka ukamwambie: kwa Mwanamkuu, mwanangu,
ameoza binti yake, pilau ilizidi mdalasini –

nikaushika mkono.

"Samahani, afande. Maswali sitajibu. Karatasi hizi hapa."

Tochi ikanipita usoni, ikaenda kwa Kiondo, ikarudi.
"Umekunywa?"
Karatasi hizi hapa.
"Ungeshuka utembee hatua tisa?"
Goti langu la kushoto limenyanyua wagonjwa miaka kumi na miwili;
hata mchana, hata Ramadhani,
halijui mstari ulionyooka.
"Hapana, asante. Niko huru kwenda?"

Moyo ulikuwa ukipiga hadi kwenye usukani.
Haki, nimejua, haina joto.
Ni kitasa cha chuma, nje, Januari, alfajiri:
kinabandua ngozi, nawe umeshikilia tu.

Akanimulika macho, la kulia, la kushoto.
Akanusa. Akamtazama Kiondo
anayempungia mkono kama bwana harusi mwenyewe.
"Mfikishe nyumbani huyu," akasema. "Usiku mwema."

Hapo nilishindwa. Nikamjibu.

Mbele, kituo cha mafuta, nikaegesha, nikazima injini,
mikono ikaanza kutetemeka kwa zamu.
Kiondo amelala, mdomo wazi.
Basi nikakiambia kioo kilichojaa mvuke,
kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyenilazimisha:
Natoka harusini. Kwa Mwanamkuu.
Nimeshinda salama.
Watoto hawajambo.