Moto wa Skonzi

Yamaha ya bwana chanjo ililetwa juu ya mkokoteni wa punda,
imefungwa kamba za katani kama mgonjwa aliyekataa hospitali.
Nhembo mwenyewe nyuma, kwa miguu,
goti limeviringishwa kanga ya mkewe.
"Nimeikanyaga breki mteremko wa Kiboriani," akasema,
"ikanijibu kesho."

Nikafungua gurudumu la nyuma.
Ngoma ikatoka na harufu yake, chuma kilichoungua.
"Usipulize!" nikamwambia Chedego, kijana wangu wa spana.
Vumbi hili halina adabu, likiingia kifuani halitoki.
Tukalifuta kwa kitambaa kibichi,
kitambaa tukakizika nyuma ya choo.

Ndani, viatu viwili vimepeana visogo.
Mafundi wenzangu huita laining; mimi naita soli,
na soli zilikuwa zimekwisha:
moja imebaki unene wa ukucha,
ya pili haipo, chuma kinakula chuma.

Viatu vya saizi ile havipo Mpwapwa.
Dodoma mjini walicheka hadi kwenye simu nikasikia meno:
"Ya mwaka gani hiyo? Mama, si anunue mpya?"

Mpya haijui njia za ng'ombe.
Hii imebeba chanjo ya sotoka
mpaka sotoka yenyewe ikasahaulika,
imevuka mchanga wa Gulwe na boksi la barafu mgongoni,
imelala porini, imetapikiwa na ndama.

Kwa mvunja malori wa Kibaigwa nikapata kipande cha breki ya lori,
kinene kama mkate wa juzi.
Nikakikata kwa msumeno, pole pole, Chedego akimwagia maji.
Gundi ya mirija miwili, nusu kwa nusu,
nikaikoroga kwenye kifuniko cha kopo la maziwa.
Nikabandika. Nikabana.

Lakini gundi ile haikauki kwa dua.
Inataka moto wa kadiri, saa nzima bila kuyumba,
na mtaani kwetu tanuri ni la Sechelela.

Nilimwendea usiku, skonzi zake zimeshatoka.
Akavitazama viatu ndani ya vibano.
"Vimetiwa hamira?"
Tukacheka, ila si sana.
Mumewe aliteremka Kiboriani mwaka ule wa mvua nyingi,
yeye na tani saba za karanga,
na lori halikusimama.
Akachochea mkaa kwa mkono wake, akapunguza, akaongeza,
akakaa na saa ya ukutani mapajani
kama anayepima homa.

Asubuhi skonzi zilinuka gundi.
Wateja walinung'unika. Hakumtaja mtu.

Kisha kazi yenyewe:
msasa ndani ya ngoma, soli juu ya msasa,
sugua, tazama, sugua,
hadi iguse pote.
Kiatu kinachogusa kwa ncha tu
hupiga kelele nyingi na hakisimamishi kitu.
Namjua diwani mmoja wa hivyo.

Springi ikaniuma kidole gumba.
Damu sawa, nikaifuta. Mafuta hapana:
tone moja kwenye soli, na usiku wa Sechelela umekwenda bure.

Nhembo alitaka kuijaribu. Nikamwonyesha goti lake.
Nikapanda mwenyewe hadi juu, nikageuza,
nikaiachia.
Changarawe, upepo, kofia ikanitoroka.
Nikakanyaga kidogo, kuisalimia.
Nikakanyaga tena
na ikashika,
si kwa pupa, kama askari wa barabarani aliyeona gari jipya;
ilishika kama mkono wa mtu nyuma ya ukosi wako
kabla hujalisema lile neno.

Nikasimama kwenye kona.
Mbele yangu hapakuwa na kitu, hata mbuzi.
Korongo tu, na kichaka kilichoota upya mahali fulani.
Nikashuka, nikaigusa ngoma kwa kidole kilichofungwa tambara.
Ilikuwa ya moto.
Ilinuka mkate kidogo.