Tulipokwenda Kwake

Gari si letu, ni la shemeji yake Nasimiyu,
Suzuki ya rangi ya maharagwe; gia ya tatu hukataa
mpaka uibembeleze kama mtoto asiyetaka uji.
Mimi ndiye dereva. Nasimiyu kashika ramani
iliyotolewa nakala mara nyingi hata mito imekuwa nywele.
Nyuma, kati ya hema na mtungi wa gesi,
Mwenda na daftari lake la hesabu:
ukurasa mzima kaupiga mistari kwa rula,
kila mnyama na mraba wake mtupu.
Juu kabisa, kwa wino mwekundu: SIMBA.

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo, lango la Lang'ata.
Askari akachungulia mizigo, akauliza, "Mwatoka mbali?"
Nikasema Hardy. Akacheka.
Hardy ni hapo: ukirusha jiwe uani kwetu, laangukia mbugani.
"Basi poleni na safari," akasema, akafungua.

Lakini tulisafiri. Lami ilikoma,
na kitu kifuani mwangu nacho kikakoma,
kile kinachohesabu kodi, karo, tokeni za stima
hata nikiwa nimelala.

Kongoni walisimama na nyuso zao ndefu
kama watu kwenye foleni ya vitambulisho.
Pofu, ambaye si kipofu, alituona kwanza.
Twiga alipita mbele ya maghorofa ya mjini
akawa mrefu kuliko benki zote.
Tukabishana juu ya jiwe chini ya mgunga;
Nasimiyu akaapa kwa mama yake kuwa ni jiwe.
Jiwe likatikisa sikio.
"Kifaru," akasema Mwenda, taratibu, akatia alama ya vema.

Simba, la.
"Walikuwa bwawani jana," alisema dereva wa watalii.
"Juzi walivuka chini ya daraja la reli," alisema mwingine.
Simba wa jana, simba wa juzi;
mchana kutwa tukafuata vumbi la uvumi.

Hema lilitaka vigingi vinane, tulikuwa na vitano.
Tukakamilisha kwa uma mbili na mwiko wa ugali,
hivyo chakula cha usiku tulikikoroga kwa kijiti.
Fisi alicheka mahali, si mbali sana.
Mwenda akauliza kama baba yake angeogopa.
Nikamwambia angeogopa kutushinda sote.
Akatabasamu gizani, nilimsikia.

Kaskazini jiji liliwaka kama jiko lililosahauliwa.
Nikaitafuta taa ya nyumba yetu kati ya zile elfu;
nilikuwa nimeiacha ikiwaka, kuwatisha wezi.

Jumapili tulirudi jioni, tumejaa vumbi hadi masikioni,
mraba wa kwanza bado mweupe.
Ekiru, bawabu wetu, alikuwa amesimama langoni
na tochi mkononi, jua lingalipo.

"Mlikuwa wapi?" akauliza, kama anayelaumu.
"Jana saa nane za usiku, mbwa wote walinyamaza.
Nikachungulia. Jike, mkubwa, peke yake.
Kapita kwenye lile pengo la ua,
kanywa ndoo nzima pale bombani.
Kisha kaketi mbele ya mlango wenu, kwenye taa.
Kaangalia, kaangalia.
Hakugusa kitu. Kaondoka."

Kwenye tuta la sukuma wiki palikuwa na wayo mmoja,
umezama, kingo zake zimeanza kukauka.
Mwenda akapiga magoti, akatia kiganja chake ndani.
Kikaingia chote, na nafasi ikabaki.

Hakutia alama. Nasimiyu alimwambia atie,
kwani si kafika? Alikataa.
Aliandika ndani ya mraba, kwa herufi za kubanana,
kama mtu anayeacha ujumbe mlangoni:
*Alikuja. Hatukuwepo.*

Nilipokuwa nikishusha hema
nilimkuta Ekiru bombani, anaijaza ndoo ile ile.
Alisema ni ya kufulia.