Kioo Kinaishia Kiunoni

Kioo cha jimu yetu pale Pasua kinaishia kiunoni.
Kilitoka kwa kinyozi Temba, wiki aliyoshindwa kodi akafunga,
kikapigiliwa ukutani juu ya ndoo za zege na rimu za Fuso
tunazoziita vyuma.
Basi tukawa tunafanya mazoezi ya tunachokiona.

Miaka miwili nilijenga ghorofa.
Jumatatu kifua. Jumanne mikono.
Alhamisi kifua tena, kwa kuwa Jumatatu kilinipenda.
Fulana nilizichagua Memorial, saizi ya mtoto wa kidato cha pili,
nikawa natembea kuelekea stendi mikono haigusi mbavu,
kama mtu aliyekwapua matikiti mawili yasiyoonekana.
Chini, ndani ya suruali pana,
miguu yangu ilikaa kimya kama wapangaji wanaodaiwa.

"Na Jumatano?" aliniuliza Aminieli, mwenye jimu.
Jumatano nina shughuli.
Kila Jumatano Pasua nzima ilikuwa na shughuli.

Mwezi wa nane nikawa mgumu, mbeba mizigo wa mlimani.
Getini walipima: kilo ishirini.
Nikacheka. Ishirini naichezea kwa mkono mmoja.
Mbele yangu kwenye foleni alisimama Ansgari wa Uru,
kifua kibao cha kufulia, shingo ya kuku aliyenyeshewa,
na chini ya kaptula,
sijui niseme nini,
mizizi ya mringaringa iliyoamua kuvaa raba.

Kupanda nilipanda. Mtu hupanda hata kwa kiburi.
Lakini kushuka!
Kushuka kutoka Barafu kuitafuta Mweka,
ngazi za magogo, matope, magogo,
kila hatua mlima unauliza swali lilelile
na swali lenyewe haliulizwi kifua.
Linaulizwa paja. Linaulizwa goti. Linaulizwa
ule msuli wa nyuma ya ugoko nisioujua hata jina.
Mapaja yakatetemeka kama cherehani.
Nikashuka kinyumenyume, nimeshika vichaka,
mpaka Ansgari akarudi, akauchukua mzigo wangu
akaupachika juu ya wake
na hakusema kitu.
Afadhali angesema.

Nyumbani, siku tatu, choo chetu cha kuchuchumaa
kilinifundisha unyenyekevu ambao kanisani niliukwepa.
Mwanamume wa kifua hiki, nimeng'ang'ania kitasa
kama naomba mkopo.
Mama, aliyeteremsha mikungu ya ndizi kichwani
kutoka Mbokomu hadi Kiborloni ujana wake wote,
alipita uani na ndoo,
akauliza kwa Kichagga kama nimemaliza au nimehamia.

Leo Jumatano.
Tupo watatu: mimi, Aminieli,
na Ndeonasia anayepakua magunia ya vitunguu sokoni,
ambaye huchuchumaa na uzito nisioutaja hapa.
Sitakwambia mguu ni msingi wa nyumba.
Fundi yeyote alishakwambia, na bado unapaka rangi.

Naweka chuma mabegani. Nashuka.

Kioo kinabaki na ukuta wa nyuma
na kalenda ya duka la pembejeo, ya mwaka juzi.
Simo.
Hakuna anayenitazama, hata mimi.
Huku chini kuna joto, kuna harufu ya saruji,
kuna goti la kushoto linalolia kama bawaba,
na Aminieli anahesabu polepole
kama kibarua anayelipwa kwa siku.
Saba.
Anasahau, anarudia. Saba.

Nasukuma sakafu kwa visigino.
Kichwa kinaingia kiooni, kisha shingo,
kisha kifua kile cha zamani,
kimeloa, hakina la kusema.