Mkono wa Daktari Arriaza

Nina karatasi mbili ndani ya kasha la sigara.
Mwandiko mmoja, wino mmoja uliokolea,
herufi R ina mkia mrefu
kama wa panya aliyeponea chupuchupu.

Ya kwanza ni ya mama.

Mwaka ule kipindupindu kilipanda kutoka bandarini
pamoja na wachukuzi, kikatufikia San Jerónimo de las Tunas.
Padri alijifungia, akatubariki kupitia tundu la ufunguo.
Arriaza alikuja juu ya nyumbu mwenye chongo,
kijana, tope hadi mapajani,
Paris bado imemganda ulimini.
Alichemsha maji ya mchele mwenyewe,
akamnywesha mama kijiko, kijiko, kijiko,
tangu jogoo la kwanza hadi kengele ya jioni.
Akatega sikio kifuani pake kwa mrija wa mbao.
“Huyu bado yupo,” alisema.
Nasi tuliokwisha kumchimbia
tukaenda kurudishia udongo.

Hakudai hata yai.
Wanasema mkono mtupu haulambwi;
wetu aliushika, akautikisa,
akaandika: *matone kumi, mara tatu kwa siku,
baada ya chakula.*

Sijui mtu huvukaje
kutoka mshipa wa mmoja hadi mshipa wa nchi.
Wengine husema alimtibu jenerali kidonda cha mguu,
jenerali akaanguka, kiti kikabaki na joto.
Nilimwona siku ya kiapo, nikiwa mabegani mwa mjomba Casimiro:
utepe wa hariri ulikatiza kizibao
palepale ilipokaa saa ya kuhesabia mapigo.
“Taifa lina homa,” alisema, “na dawa yake ni kahawa.”
Tukapiga makofi. Nani asiyetaka kupona?

Akajenga shule. Lazima niseme hilo.
Akaleta waya wa simu, akaleta mwalimu mwembamba, Don Eustaquio,
aliyenifundisha a, e, i, o, u kwa fimbo ya mpera.
Ndiyo maana, amri ilipobandikwa mlangoni pa kanisa,
mimi wa miaka kumi na mmoja
ndiye niliyewasomea wazee kwamba ardhi ya wote
si ya yeyote, na itauzwa.

Wapimaji wakaja na minyororo.
Mahindi yaling'olewa yakiwa yameshika ndevu,
mipungate ikachomwa, ikalia kama mafuta kikaangoni.

Mama alitembea siku nne hadi ikulu,
cheti cha dawa kimekunjwa kifuani.
Alimpokea. Hilo nalo niliseme.
Alimkumbuka, akamkalisha,
na kabla hajafungua kinywa akamshika kifundo cha mkono,
akatoa saa, akahesabu.
“Moyo wako mzima kabisa, Doña Petrona.”
“Sikuja kwa ajili ya moyo,” alisema mama.
Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa
na mabalozi walikuwa wakingoja.

Aliondoka usiku kwa meli ya mvuke, miaka tisa baadaye.
Wapo waliolia. Mama hakulia, wala hakucheka;
alikuwa akichambua kahawa ya watu
kwenye shamba alimozaliwa.

Sasa mimi ni karani. Najua miandiko,
namjua anayeandika kwa hofu na anayeandika kwa njaa.
Ya pili ni ile amri; niliibandua usiku, gundi bado mbichi.
Nimeziweka sambamba chini ya mshumaa,
*baada ya chakula* kando ya *itauzwa*,
nikitafuta mahali mkono ulipotetemeka.

Sijapaona.